Mashahidi wa Maji Yasiyoonekana

Shirika la anga la Marekani, NASA, hukadiria mfululizo kiasi cha maji kilichomo katika udongo wa karibu dunia nzima. Nchi kavu imegawanywa katika miraba yenye upana wa kilomita 9. Kwa kila saa tatu, kila mraba hupewa namba ya unyevu wa sentimita 5 za juu, na nyingine ya unyevu wa mita nzima ya kwanza, ambamo mizizi mingi hunywa. Kisangani, mji wa Kongo, na viunga vyake vina miraba yao. Mtu aliyeketi katika mtaa wake wa Makiso, akiwa na intaneti ya kutosha, anaweza kusoma namba ya msitu ulio ng'ambo ya mto Kongo, nyuma ya mtaa wa Lubunga, msitu ambao pengine hakuna aliyewahi kuuchimba udongo wake kwa ajili ya kuupima. Setilaiti inayotumika kukadiria, ambayo hupita kwenye kimo cha kilomita 685, haikuuona udongo huo, kwa kuwa majani yameuficha. Hata hivyo namba ipo, imeandikwa kwa desimali, na kwenye ramani imepakwa rangi sawasawa na namba ya Sahel.

Je, kuiamini namba hiyo ni kujua, au ni kuamini tu?

Wanatheolojia na wanafalsafa wamelibeba swali hili kwa karne nyingi katika sura nyingine: binadamu akubali kwa kiasi gani jambo asiloliona, akitegemea maneno ya mashahidi ambao kila mmoja ana kasoro yake? Udongo wa Tshopo, mkoa wa Kisangani, unalileta swali hilo mahali ambapo linaweza kupimwa kwa mizani na kwa hesabu. Na jibu linalotoka huko ni la kimaadili kama lilivyo la kisayansi. Ushahidi dhaifu hauna aibu yoyote. Aibu huanza pale udhaifu wake unapofichwa.

Shahidi wa kwanza wa namba ya NASA ni setilaiti ya SMAP, iliyorushwa tarehe 31 Januari 2015. Miaka mitano kabla yake, Novemba 2009, Ulaya ilikuwa imekwisha kurusha ya kwake, SMOS, yenye kazi ya namna hiyohiyo. SMAP ilibeba pia rada, lakini rada hiyo ilikufa Julai 2015, na tangu hapo kazi imebaki kwa chombo kinachosikiliza tu. Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi hafifu, na udongo haukuachwa nje. Kwa antena ya wavu yenye upana wa mita 6, SMAP hupokea mawimbi yenye urefu wa takriban sentimita 21. Mawimbi hayo hupenya mawingu bila shida, jambo lenye thamani kubwa chini ya anga la ikweta. Udongo mkavu huyatoa kwa nguvu, udongo uliolowa huyatoa kwa unyonge. Sababu ni kwamba tabia ya kiumeme ya maji iko mbali sana na ile ya mchanga au mfinyanzi: kwa kipimo wanachotumia wanafizikia, maji yana karibu 80, na udongo mkavu 3 au 4. Pengo hilo ndilo linalowezesha unyevu kusomwa kutoka angani.

Lakini shahidi huyu ana mipaka yake. Anasoma sentimita 5 za juu tu, na kwa mtazamo mmoja anameza eneo lenye upana wa karibu kilomita 40, ambamo mji, mto, mashamba ya mihogo na msitu huchanganyika kuwa sauti moja. Hurudi mahali palepale baada ya siku mbili au tatu. Zaidi ya hayo, mimea nayo imejaa maji. Majani na matawi hutoa mawimbi yao wenyewe na kuyameza yale yanayopanda kutoka ardhini. Waliotengeneza SMAP waliusema mpaka huu tangu mwanzo. Usahihi walioulenga, yaani kosa lisilozidi asilimia 4 ya ujazo wa udongo, ulihusu maeneo ambayo mimea yake haina maji zaidi ya kilo 5 kwa kila mita ya mraba. Msitu wa mvua wa Tshopo umeuvuka mpaka huo kwa mbali.

Unene huohuo una faida mahali pengine. Misitu minene ya Amazon na ya Kongo huirudishia rada mwangwi usiobadilika sana mwaka mzima, na kwa sababu hiyo wataalamu huitumia kuhakiki kama vyombo vyao bado vinapima sawasawa. Sifa inayoufanya msitu uwe kipimo cha kuaminika cha vyombo ndiyo inayoufunika udongo wake.

Shahidi wa pili hana macho kabisa. Ni modeli ya kompyuta, yaani hesabu ndefu ya mapato na matumizi ya maji: mvua iliyonyesha, maji yaliyozama, yaliyonyonywa na mizizi, yaliyorudi hewani kama mvuke, yaliyotiririka kuelekea mtoni. Nguvu yake ni kwamba inafuata sheria za maumbile, na ya kwanza ni kwamba maji hayapotei pasipo kwenda mahali. Ikipewa habari za mvua, joto, upepo na jua, inaweza kutaja unyevu wa kina cha mita moja, usiku au mchana, chini ya jangwa au chini ya msitu. Udhaifu wake ni kwamba inategemea ilichoambiwa. Ikiletewa habari ya mvua ambayo haikunyesha, italowesha ardhi kavu bila kusita.

Ustadi wa miongo ya karibuni umekuwa katika kuwasikiliza mashahidi hawa kwa pamoja. Mwaka 1960 Rudolf Kalman, mhandisi mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi Marekani, alichapisha njia ya kuunganisha utabiri na kipimo, kila kimoja kikipewa uzito kulingana na kosa lake. Njia hiyo ilisaidia kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Mwaka 1994 Geir Evensen wa Norway aliipanua: badala ya kuendesha modeli moja, nakala nyingi huendeshwa kwa pamoja, kila moja ikipewa mvua na jua vyenye tofauti kidogo. Nakala zikikaa karibu karibu, modeli ina hakika, zikitawanyika, haina. Makadirio ya NASA yaliyotajwa hapo juu hutumia nakala 24.

Mfano wa kubuni utaonyesha kinachotokea. Modeli inasema udongo wa mahali fulani una maji asilimia 30 ya ujazo wake, na kosa lake linakadiriwa kuwa 4. Setilaiti inasema 22, nayo ina kosa la 4. Kwa kuwa makosa ni sawa, uzito unagawanywa nusu kwa nusu: jibu ni 26, na kosa linashuka hadi karibu 2.8. Mashahidi wawili wa wastani wametoa neno lililo bora kuliko la kila mmoja peke yake. Hesabu ileile ikihamishiwa chini ya msitu, ambako kosa la setilaiti limepanda, tuseme, hadi 12, setilaiti inabaki na uzito wa sehemu moja kwa kumi. Jibu linakuwa 29.2, na kosa linateremka kidogo tu, hadi 3.8. Shahidi dhaifu hakufukuzwa barazani. Amesikilizwa kwa kadiri yake.

Fikra hii ina ukoo wa kidini ulio wazi. Thomas Bayes, ambaye jina lake limebaki kwenye kanuni inayobeba mahesabu haya yote, alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri huko Tunbridge Wells, Uingereza. Alifariki mwaka 1761 akiacha karatasi ambayo hakuwa ameichapisha. Rafiki yake Richard Price, naye mchungaji, aliipeleka kwa chama cha wanasayansi cha Royal Society, ikatoka mwaka 1763. Price alikuwa na sababu ya kuijali. Mwaka 1748 David Hume alikuwa ameandika kwamba hakuna ushahidi wa watu unaotosha kuthibitisha muujiza, kwa sababu mazoea yote ya maumbile yanaupinga. Mwaka 1767 Price alimjibu kwa hoja za uwezekano: ushahidi huweza kusogeza imani hata juu ya jambo lisilo la kawaida, na kazi ya mwenye akili ni kuuliza unaisogeza kwa kiasi gani. Wanaokadiria unyevu wa udongo leo hawabishani juu ya miujiza. Wanabishana juu ya kiasi hichohicho.

Wanazuoni wa Kiislamu wa hadithi walikuwa wamekwisha kulifikia jambo hili kwa njia yao. Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 1245, alipanga elimu ya kupima mapokezi kwa namna ambayo madrasa nyingi bado zinaifuata. Hadithi yaweza kuwa dhaifu kwa sababu msimulizi wake alikuwa na kumbukumbu mbovu. Hadithi hiyo ikipatikana kwa njia nyingine isiyopitia kwa msimulizi yule, udhaifu wake hupungua, na inaweza kupanda daraja. Lakini ikiwa udhaifu umetokana na mtu anayetuhumiwa uongo, wingi wa njia za namna hiyo hauiponyi. Na njia mbili zinazokutana kwa msimulizi mmoja huhesabiwa kuwa njia moja mahali hapo. Kisangani ina Waislamu tangu zama za misafara ya Tippu Tip, aliyeteuliwa kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani eneo hilohilo, mwaka 1887, na mwanafunzi wa dini katika mji huo angeitambua mara moja hoja ambayo wahandisi wa setilaiti huieleza kwa namba: mashahidi wawili husaidiana pale tu makosa yao yasipotoka chanzo kimoja.

Torati nayo ilidai mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuhukumiwa, na Paulo aliikumbusha sheria hiyo kwa Wakorintho. Dini hizi zilitambua kwamba jicho moja, hata likiwa jicho la mtu mwema, halitoshi pale ambapo maisha ya mwingine yako hatarini.

Mfano ulio karibu zaidi na Kisangani unatoka Yakusu, kijiji kilichoko mtoni, magharibi ya mji. John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyekaa miaka mingi katika eneo hilo, alijifunza ngoma za mawasiliano za Walokele na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu ya ngoma za Afrika zinazosema. Ngoma ya Walokele ni gogo lililochimbwa ndani, lenye midomo miwili: mmoja wa sauti ya juu, mwingine wa sauti ya chini. Haiwezi kutamka herufi. Hubeba tu kupanda na kushuka kwa sauti ya maneno, na maneno mengi hupanda na kushuka kwa namna moja. Kwa hiyo mpigaji hataji jina la kitu likiwa peke yake. Hulivisha kirai kirefu kinachojulikana na wote, hadi maana isiweze kuchanganywa na nyingine. Msikilizaji aliye kilomita kadhaa mtoni hupokea mapigo yaliyopunguzwa na upepo na umbali, na kuyakamilisha kwa yale anayoyajua tayari: virai vya kabila lake, majira ya mwaka, msiba au harusi inayotarajiwa. Ujuzi wa awali na ishara hafifu huungana, na habari hufika.

Walokele walijenga mawasiliano yao juu ya jambo ambalo Bayes na Kalman waliliandika kwa hesabu. Ila mfumo huo una hatari moja. Upepo ukizidi na mapigo yakapotea yote, msikilizaji anaweza kuendelea kusikia ujumbe aliokuwa akiutarajia. Kwa hisia zake mwenyewe hakuna kilichobadilika. Anachosikia sasa ni kumbukumbu yake.

Hali ya makadirio ya unyevu chini ya msitu wa Tshopo iko karibu na hapo. Katika misitu minene, marekebisho yanayoletwa na setilaiti huwa madogo sana au hayapo, kama mfano wa namba ulivyoonyesha. Modeli hubaki kuzungumza karibu peke yake. Na modeli hutegemea mvua iliyoambiwa. Katika Bonde la Kongo, vituo vya kupima mvua vinavyotuma taarifa vimepungua sana tangu miaka ya uhuru. Vita, barabara zilizokufa na mishahara isiyolipwa vimefanya kazi yao. Katika matoleo ya mwanzo ya makadirio ya SMAP, mvua iliyoingizwa katika modeli ilirekebishwa kwa vipimamvua vya ardhini karibu kote duniani. Afrika iliachwa nje ya marekebisho hayo, kwa sababu vipimamvua vyake ni vichache mno kuaminiwa kwa kazi hiyo. Baadaye pengo hilo lilianza kuzibwa kwa mvua inayokadiriwa na setilaiti nyingine. Hayo ni maendeleo, lakini maana yake pia ni kwamba mashahidi wengi wanasimama angani na wachache mno wanasimama kwenye tope.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa anayeitazama ramani tu. Kabla ya kuunganishwa, vipimo vya setilaiti kwa kawaida husogezwa ili wastani wake wa miaka ulingane na wastani wa modeli. Sababu ni ya haki: mashahidi wawili wanaotumia vizio tofauti hawawezi kuhesabiwa pamoja, na njia ya Kalman hudhani kwamba hakuna anayeegemea upande mmoja daima. Gharama yake ni kwamba setilaiti inaruhusiwa kusema kuwa wiki hii imelowa kuliko kawaida, lakini hairuhusiwi kusema kuwa modeli imekosea hiyo kawaida yenyewe. Mahali ambapo udongo umechimbwa na kupimwa mara nyingi, kosa la namna hiyo hugunduliwa. Chini ya msitu ambao hakuna anayechimba, linaweza kukaa miaka mingi bila mtu kulishtukia.

Thomas wa Aquino, katika karne ya 13, alishikilia kwamba jambo moja haliwezi kuonwa na kuaminiwa na mtu yuleyule kwa wakati mmoja na kwa namna moja. Imani, kwake, ina heshima yake kamili, na ujuzi una heshima yake. Anayeivisha imani mavazi ya ujuzi huzidhulumu zote mbili. Ramani yenye rangi moja kwa Sahel na kwa Tshopo hufanya dhuluma hiyo. Katika Sahel, rangi ni mazungumzo ya mashahidi wawili waliosikilizana kila baada ya siku chache. Katika Tshopo, rangi ni neno la shahidi mmoja aliyefikiri kwa makini lakini hakuona. Neno hilo linaweza kuwa kweli. Linastahili kuaminiwa kwa kiasi. Anayelisoma ana haki ya kujua ni la aina gani.

Je, kosa linaweza kupimwa ikiwa ukweli wenyewe haujulikani? Akili ya kawaida itasema haiwezekani. Mwaka 1998 Ad Stoffelen wa Uholanzi, akishughulika na upepo wa baharini, alionyesha njia. Ukiwa na vyanzo vitatu vinavyopima kitu kimoja, na makosa yao hayana uhusiano, unaweza kukadiria ukubwa wa kosa la kila kimoja kwa kuangalia jinsi vinavyotofautiana wenyewe kwa wenyewe. Miaka kumi baadaye njia hiyo ilikuwa imeingia katika kazi ya unyevu wa udongo. Ni jambo la kustaajabisha kwa yeyote anayejali elimu ya kujua: hakuna aliyeuona ukweli, na bado inajulikana ni nani aliye mbali nao. Sharti ni lilelile la wanazuoni wa hadithi. Vyanzo viwili vilivyokunywa mvua moja ya kukadiriwa ni chanzo kimoja chenye majina mawili.

Kwa hiyo Tshopo inahitaji shahidi wa tatu ambaye hakutoka angani wala ndani ya kompyuta. Mahali pa kumpata pako, na pana historia ndefu. Yangambi iko takriban kilomita 100 magharibi ya Kisangani, kwenye ukingo wa kulia wa mto Kongo. Wabelgiji walianzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo, INEAC, mwaka 1933, na Yangambi ikawa kituo chake kikuu. Leo kituo kiko chini ya INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Kati ya 1937 na 1958, zaidi ya miti 2,000 ilifuatiliwa huko wiki baada ya wiki, ikiandikwa kwa mkono ni lini ilichanua, ilizaa na kupukutisha majani. Daftari hizo zilinusurika. Katika miaka ya karibuni watu wa kujitolea kutoka pande nyingi za dunia wamezinakili kwa intaneti, mstari kwa mstari, na sasa zinaweza kulinganishwa na hali ya hewa ya leo. Mwaka 2020 ulisimama Yangambi mnara wa mita 55, kazi ya Chuo Kikuu cha Ghent pamoja na INERA na washirika wengine. Umeinuka juu ya vilele vya miti, na vyombo vyake hupima mfululizo hewa ya ukaa na mvuke wa maji unaopanda na kushuka kati ya msitu na anga. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake katika msitu wa mvua wa Bonde la Kongo. Mvuke unaopanda pale umetoka kwenye mizizi, na mizizi imeutoa kwenye udongo. Modeli ikidai kuwa udongo umekauka huku mnara ukionyesha msitu unaovukiza kwa nguvu zote, modeli ina la kujibu.

Njia ya kale zaidi haihitaji mnara. Pete ya chuma yenye ujazo wa sentimita za ujazo 100 hugongwa taratibu ndani ya udongo, kwa nyundo na kipande cha ubao, hadi ijae bila kushindiliwa. Huchimbuliwa kwa panga, kingo husawazishwa kwa kisu, nayo hufungwa kwenye mfuko ili isipoteze jasho lake njiani. Maabara huipima uzito. Tuseme udongo wake una gramu 165. Huwekwa kwenye tanuri la nyuzi 105 kwa muda wa saa 24, kisha hupimwa tena. Ikiwa sasa una gramu 135, gramu 30 zilizotoweka zilikuwa maji, na maji hayo yalichukua sentimita za ujazo 30 kati ya 100. Unyevu ni asilimia 30. Chuo chochote chenye mizani, tanuri na umeme usiokatika kwa siku nzima kinaweza kufanya hivyo, na Chuo Kikuu cha Kisangani kina wanafunzi ambao vijiji vyao viko katikati ya miraba ambayo NASA inaikisia kutoka mbali.

Mtume Tomaso alitaka kugusa ili aamini, na wengi huichukua pete ya chuma kuwa mguso wa namna hiyo, ukweli wa mwisho unaofunga mjadala. Sivyo. Pete hugusa sehemu isiyozidi ukubwa wa kikombe. Udongo ulio chini ya shina la mti wa limbali si sawa na ulio mita kumi kando, mahali mti ulipoanguka na jua likaingia, na mraba wa NASA una hekta 8,100. Mkono nao ni shahidi mwenye kosa. Thamani yake iko katika kwamba kosa lake halikutoka mahali pamoja na kosa la setilaiti, wala la modeli. Ndivyo ilivyo pia kwa mkulima wa Tshopo anayefyeka kipande cha msitu kwa ajili ya mpunga, mahindi au mihogo na kungoja majuma makavu ya mwanzo wa mwaka ili achome. Anajua kwa miaka ni lini majani yaliyoanguka yanalia chini ya mguu na lini yanalala kimya yakiwa yamelowa. Neno lake halina desimali, lakini halikutoka kwenye kompyuta yoyote, na hapo ndipo penye uzito wake.

Mashamba hayo yanaleta tatizo ambalo wapimaji hawana budi kulikabili. Mahali msitu unapoanguka, setilaiti huanza kuona. Kandokando ya barabara, kuzunguka miji, kwenye mashamba mapya, mawimbi ya udongo hupanda bila kuzuiwa na majani. Ujuzi wa udongo wa Kongo unaweza basi kuegemea udongo uliokwisha kuvuliwa miti, ambao hukauka na kulowa kwa namna nyingine kabisa. Udongo ulio chini ya msitu mzima, ambao ndio mwingi na ndio unaolindwa kwa maneno ya mikutano yote ya hali ya hewa, ndio unaozungumziwa kwa ushahidi mdogo kuliko wote.

Na wakati hausubiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature Climate Change ulionyesha kwamba kiangazi cha katikati ya mwaka katika msitu wa Kongo kilirefuka kwa siku 6.4 hadi 10.4 kila miaka kumi, kati ya 1988 na 2013. Upande wa pili, Januari 2024 mto Kongo ulipanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mafuriko ya mwisho wa 1961, ukafurisha mitaa na vijiji kuanzia mikoa ya juu hadi Kinshasa. Mvua ileile huweza kuzama au kufurika, kutegemea udongo ulikuwa umeshiba kiasi gani kabla haijanyesha. Anayetoa onyo la mafuriko, anayeshauri siku ya kupanda, anayekadiria kama msitu utastahimili ukame, wote wanaitumia ile namba ya mita moja ya kwanza.

Macho mapya yamekwisha kupanda. Tarehe 29 Aprili 2025 Ulaya ilirusha setilaiti ya Biomass, yenye rada ya mawimbi marefu ya takriban sentimita 70, yanayopenya majani kuliko yale ya sentimita 21, ijapokuwa kazi yake kuu ni kupima wingi wa miti ya misitu. Tarehe 30 Julai mwaka huohuo India na Marekani zilirusha NISAR, setilaiti nyingine ya rada. Zitasaidia. Lakini kila jicho jipya litakuja na kosa lake, na kosa hilo litajulikana tu pale ambapo mtu amechimba, amepima, na ameandika tarehe.

Kazi mbili basi ziko wazi. Ya kwanza ni ya wanaolipia setilaiti: sehemu ndogo ya gharama ya kurusha chombo kimoja ingeweza kuwalipa watu wa Yangambi, Kisangani, Isangi na Bafwasende wapime mvua na unyevu kila wiki kwa miaka, kwa mishahara inayofika kwa wakati. Ya pili ni ya wanaochora ramani, nayo haihitaji fedha. Faili za makadirio ya SMAP hubeba tayari, pamoja na unyevu wa kila mraba, ukubwa wa shaka iliyomo ndani yake. Namba hiyo ya pili huachwa njiani ramani inapotengenezwa kwa ajili ya gazeti, wizara au kampuni ya bima. Ibaki. Mahali setilaiti isipoona, mraba uchorwe kwa mistari au upewe rangi iliyofifia, ili mhandisi wa Kinshasa na bwana shamba wa Tshopo wajue ni wapi wanategemea vipimo na ni wapi wanategemea hesabu tu, na waamue kwa kujua hivyo.